Moshi wa Nyumba ya Pili

Kijijini kwetu hatuhesabu watu, tunahesabu mioto. Nyumba ambayo jiko lake linawaka ni moto mmoja, hata kama ndani wamo watu tisa. Na ajuza anayeishi na paka wake naye ni moto mmoja, sawasawa na hao tisa. Hivyo ndivyo kuni za msitu wa kijiji zinavyogawanywa tangu enzi za babu wa babu zetu: kila moto na fungu lake. Kwa hiyo ukiuliza Chaux-Renard ina ukubwa gani, utaambiwa mioto kumi na minne. Watu ni ishirini na tisa, lakini hilo ni jambo la watu wa serikali na makaratasi yao.

Mimi naishi juu kabisa, kitongoji cha Essarts, kilomita sita kutoka kanisani, pale barabara inapochoka na kugeuka malisho. Utotoni mwangu huko juu palikuwa na mioto saba. Ilizimika mmoja mmoja, huyu kaburini, yule mjini kwa watoto, hadi ikabaki miwili: wangu mimi, Huguette Pourcelot, mjane wa miaka sabini na minne, na wa Léonce Vuillemin, kapera wa themanini na moja, ng'ambo ya barabara. Tumetazamana madirisha kwa miaka arobaini na mitatu, na sidhani kama ilipita wiki hatujagombana. Tuligombania jogoo wake, tukagombania maji ya mfereji wangu, tukagombania njia sahihi ya kukausha uyoga. Alikuwa mvivu, kiziwi, na mbishi. Nilimzoea.

Mwisho wa Septemba nilikwenda msituni kutafuta uyoga. Niliporudi na kikapu changu, mlango wa Léonce ulikuwa umefungwa na madirisha yote yamefungwa mbao. Ufunguo wake ulikuwa unaning'inia kwenye msumari mlangoni kwangu. Hakuna karatasi, hakuna neno. Nilipiga simu kijijini nikaambiwa mpwa wake alikuja na gari, akampeleka nyumba ya wazee kule Arçonnet, bondeni, maana alikuwa ameanguka mara mbili zizini na mpwa hakutaka aanguke mara ya tatu.

Nilikasirika, sitaficha. Miaka arobaini na mitatu, halafu mtu anaondoka nimeinama msituni kama vile anakimbia kodi! Niliapa sitakanyaga huko Arçonnet mpaka aniombe radhi. Kwenye simu hasikii, na tangu nimjue hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko jina lake. Kwa hiyo kiapo changu kilikuwa salama.

Hasira ilipopoa kidogo ndipo nikakumbuka jambo lililonikosesha usingizi. Miaka miwili nyuma baraza la kijiji lilipitisha uamuzi: trekta ya kusukuma theluji itapanda tu mahali penye mioto miwili au zaidi. Moto ulio peke yake ushuke theluji inapoanza, ukae kwenye chumba cha juu cha shule ya zamani mpaka mwezi wa tatu. Na mimi, kwa mkono wangu huu, niliunga mkono. Niliunyanyua juu kabisa, maana wakati ule tulikuwa wawili, na Léonce alikuwa na afya ya ng'ombe dume. Nilidhani napigia kura mambo ya watu wengine.

Chumba hicho nakijua. Dirisha lake linatazama ukuta wa kanisa. Mimi nimezaliwa Essarts, nimeolewa Essarts, mume wangu nimemwosha na kumvisha Essarts. Ukinikalisha mbele ya ule ukuta kuanzia Desemba, kufikia Pasaka utakuwa unaninunulia jeneza. Kwa hiyo siku ya tatu niliutoa ufunguo msumarini, nikavuka barabara, nikatoa mbao madirishani, nikawasha jiko la Léonce.

Ilikuwa kazi rahisi. Kila siku naamka mapema, saa moja na nusu asubuhi naingia kwake, napanga vijiti, nawasha, naweka gogo moja la kudumu. Moshi ukishatoka vizuri kwenye dohani narudi kwangu nawasha langu. Kwa aliye bondeni, Essarts ina mioto miwili. Nani angepanda mpaka huku kuchungulia ni nani amekaa kitini?

Jumapili ya kwanza baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, ndiyo siku ya kugawana kuni. Tunakutana ofisini kwa meya, chumba chenye bendera, jiko, na viti visivyolingana. Meya wetu ni Maryvonne Jeannet. Ana ng'ombe hamsini wa maziwa, na vikao vyake vyote ni vifupi kwa sababu ya kukamua. Anasoma orodha, kila mwenye nyumba anajibu kwamba moto wake unawaka, halafu tunachukua namba za mafungu kutoka kwenye kofia.

"Moto wa Huguette Pourcelot."

"Unawaka."

"Moto wa Léonce Vuillemin."

Watu walitazama viatu vyao.

"Unawaka," nikasema.

Maryvonne alinitazama juu ya miwani. "Mwenyewe hakuja?"

"Miguu inamsumbua."

"Mpe pole. Mwambie afunike kichwa, baridi ya mwaka huu haina adabu."

Nyuma yangu alikuwa Anselme Grappe, yule mkulima anayeendesha trekta ya theluji, mtu mwenye mabega mapana kama mlango na ulimi wa mwanamke wa sokoni. "Halafu mama Huguette, umpongeze," akasema. "Naona siku hizi amekuwa mtu wa alfajiri. Zamani ukimwona Léonce amesimama kabla ya saa tatu, ujue nyumba inaungua."

Chumba kizima kilicheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti, nikidhani wanamcheka Léonce. Nilichukua namba mbili kwenye kofia, nikaondoka kifua mbele. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile mimi niliiona ndefu na imenyooka.

Wiki mbili baadaye Anselme alileta kuni, za kwangu na za Léonce, zimeshapasuliwa tayari. Hiyo kazi hakuombwa na hakutaka hata asante. Alizima trekta katikati ya barabara.

"Hizi za Léonce nimwage wapi?"

"Kwake. Kwani wapi?"

"Nilidhani labda anazitaka huko aliko."

"Huko aliko ni jikoni kwake, ameshika kikombe."

"Haya mama. Msalimie sana huyo mwenye kikombe."

Desemba ikaingia na theluji yake. Trekta ikapanda kila baada ya mvua ya theluji, Anselme akapiga honi mara mbili chini ya dirisha langu akageuza. Kwa hila yangu nilikuwa nimepata nilichokitaka. Lakini sikuwa nimepiga hesabu ya jambo moja: jinsi nyumba ya mtu aliyeondoka inavyokaa. Mwanzoni nilikuwa nawasha na kutoka. Baadaye nikawa nakaa mpaka gogo lishike. Baadaye nikaanza kuja na kahawa yangu. Nilifuta vumbi mezani, nikashona tundu la pazia ambalo lilinikera kwa miaka kumi na mitano nikiliona kutoka upande wangu. Kiti chake nilikitukana. Nilikiambia, wewe umekwenda kulishwa supu na wageni na mimi umeniachia kunguru, je, huo ni ungwana? Halafu nikanyamaza, kwa sababu sauti yangu ilikuwa imekwaruza. Nilikuwa sijaongea na mtu tangu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema hata kwa paka. Kuwa peke yako nyumbani si kitu, mjane yeyote anaijua hali hiyo. Lakini kuchungulia dirishani jioni na kuona dirisha la pili jeusi, kila jioni, ndiko kulikonimaliza. Kuna siku nilivuka barabara nikamwashia taa, nikarudi kwangu kuitazama. Nilimpigia kelele Léonce moyoni kwa gharama ya umeme, kisha nikaiacha iwake.

Kabla ya Noeli binti yangu Sabine alipiga simu kutoka Dijon.

"Mama, mwaka huu huniambii kitu. Nakuja kukuchukua Ijumaa."

"Siwezi. Nina moto."

"Moto gani mama? Si uuzime!"

"Hauzimwi hivyohivyo."

"Mama, watoto wanauliza kama bibi yao yupo kweli au tunawadanganya."

Ningefanya nini? Nilikwenda. Kabla ya kuondoka nilijaza majiko yote mawili magogo makubwa, nikajua yatakufa kufikia asubuhi. Nilijiambia siku nne ni kitu gani, na Noeli nani atainua macho kutazama Essarts, watu wako mezani. Kule Dijon nyumba ya Sabine ina joto usilojua linatoka wapi. Nilikaa sofani kama mgeni rasmi, nikala bata, nikapewa skafu. Wajukuu walinibusu vizuri. Kila asubuhi saa moja na nusu niliamka, nikakaa ukingoni mwa kitanda, mikono haina la kufanya.

Siku ya nne Sabine alinirudisha mchana, akageuza mara moja kwa kuogopa giza la barabarani. Mbele ya nyumba yangu palikuwa na gari la Maryvonne. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye theluji na buti zake za zizini.

"Umerudi."

"Nimerudi. Kuna nini?"

"Tuingie ndani, Huguette."

"Sema hapahapa."

Alivua kofia, na Maryvonne si mtu wa kuvua kofia. "Jana asubuhi Léonce alitoroka nyumba ya wazee. Amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na sapatu miguuni. Anselme alimkuta kwenye kona ya kiwanda cha mbao, kilomita tatu ametembea, kwenye theluji. Alikuwa anakuja huku."

"Kufuata nini?"

"Alimwambia Anselme, 'Huguette amekufa, nipeleke.' Alilirudia hilo mpaka wakamlaza. Daktari anasema ni mapafu. Hawataki kumsumbua na hospitali, wamemwacha chumbani kwake."

Sikuelewa. Nilimwuliza nani amemwambia kwamba nimekufa. Maryvonne alinyoosha mkono kuelekea bondeni, mbali kule ambako siku ikiwa safi unaona paa za Arçonnet.

"Chumba chake kipo ghorofa ya tatu. Kinatazama huku. Ana darubini yake ile ya kutafutia ndama. Hakuona moshi siku tatu, si kwako wala kwake."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, kwenye theluji vilevile.

"Kwake," nikasema. "Kwa hiyo unajua."

"Mama wee, kijiji kizima kinajua tangu Oktoba. Moshi saa moja na nusu, nyumbani kwa Léonce? Hata padri alicheka." Alikaa kando yangu. "Tulinyamaza. Anselme alisema, mwacheni mama, mafuta ya trekta hayamwumizi mtu. Lakini sasa mpwa wake amesikia habari ya moshi, ameandika barua. Anataka kujua nani anawasha moto kwa mjomba wake. Ikishaandikwa imeandikwa, siwezi kujifanya kipofu. Kuanzia Jumatatu trekta haipandi. Chumba cha shule nimeshakipasha joto."

Nilimwambia anipeleke Arçonnet.

Tulikwenda kesho yake. Kitanda cha Léonce kilikuwa kimesukumwa hadi dirishani, darubini iko juu ya blanketi. Nilikuwa nimesahau jinsi alivyo mdogo bila kofia. Kifua kilikuwa kinapiga kelele kila akivuta pumzi.

"Uko hai," akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Ulitaka iweje?"

"Siku nne, Huguette. Siku nne!"

"Nilikuwa kwa Sabine!"

"Kwa nani?"

"SABINE!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi." Alikohoa, nikamshika bega mpaka kikohozi kikaisha. "Na wewe mwizi. Nani alikutuma kuwasha jiko langu?"

"Ulijuaje ni mimi?"

"Saa moja na nusu! Umeniharibia jina. Watu watasema nilianza kufanya kazi uzeeni."

Nilicheka, na nikiwa katikati ya kicheko nikaona nalia. Sikuficha, sikuona sababu. Nilimwambia nilifanya hivyo ili trekta ipande, ili wasinishushe, na kwamba sikuwaza kama kuna mtu anatazama moshi wake. Nililazimika kusema mara mbili, kwa sauti ambayo jengo zima lilisikia.

"Wangu sikuutazama mimi," akasema. "Wangu ulinichekesha tu. Nilikuwa nautazama wako. Wa kwako ukitoka najua umeamka, hujaanguka, hujafa. Basi nawaambia hawa waniletee kahawa. Hawaelewi kwa nini siinywi kabla."

Nilimwuliza kitu nilichokibeba tangu Septemba. "Mbona uliondoka bila kuniaga?"

Nilidhani hakusikia vizuri, au alijifanya. Alichezea uzi wa blanketi.

"Ungeniambia nisiende," akasema. "Na ningebaki. Halafu ningekuangukia wewe."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali kwa miezi mitatu. Niliyaacha yote. Nilimvutia soksi juu, maana mguu mmoja ulikuwa wazi.

Baadaye alinisukumia darubini. "Hebu angalia. Moshi upo?"

Niliangalia. Ilikuwa siku safi. Niliziona paa zetu mbili juu kabisa, ndogo, nyeupe, na msonobari alioupanda mume wangu nyuma yake. Juu ya dohani hapakuwa na kitu. Sikuwahi kupaona nyumbani kwetu kutoka mbali namna hiyo, na palinitisha. Pangeweza kuwa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuishi.

"Upo," nikasema.

"Wa nani?"

"Wangu. Mnene."

"Mwongo mkubwa. Si wewe hapa?" Alicheka mpaka kifua kikamkamata tena. Alipopata pumzi alifumba macho. "Nenda nyumbani, jirani. Umeacha jiko linapoa."

Tulirudi kwa gari la Maryvonne, tukapita kiwanda cha mbao. Mimi ndiye niliyeanza.

"Dohani ya shule ya zamani. Inaonekana kutoka pale dirishani kwake?"

"Hapana. Kanisa linaziba."

"Basi sishuki."

"Huguette, usinianzishie."

"Sishuki. Trekta isipande, mmeamua, na mimi nilipiga kura. Nina viazi, nina jibini, nina nyama ya nguruwe iliyotundikwa dari nzima. Kuni ninazo za watu wawili, shukurani kwenu."

"Na ukivunjika mguu?"

"Utaona hakuna moshi. Wewe huna macho?"

Alipiga usukani kwa kiganja. Alinitukana kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyomtukana shangazi yake. Mwisho alisema atanipigia simu kila jioni, na kwamba Anselme atapanda kila Jumapili na viatu vya theluji kuniletea mkate, nipende nisipende. Nikamwambia mkate naupenda.

Jumatatu trekta haikupanda. Theluji ilifunika barabara, na baada ya wiki moja hungejua kama hapo chini palikuwa na barabara. Nilikuwa nimeogopa kitu hicho kwa miezi mitatu, nikadanganya kijiji kizima kwa ajili yake, na kilipokuja hakikuniuma nilivyotarajia. Kwa Léonce sikuwasha tena. Ufunguo niliurudisha kwa mpwa wake kupitia Maryvonne. Nyumba ile ilipoa, vioo vikaganda barafu kwa ndani, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni nilifunga pazia mapema ili nisiione.

Lakini asubuhi nilikuwa na kazi. Saa moja na nusu jiko langu linawaka, na moto ukishapata nguvu naweka juu yake tawi bichi la msonobari ili moshi uwe mzito, uonekane hata kwa macho ya miaka themanini na moja. Halafu natoka uani na skafu ya Sabine kichwani, nasimama nikitazama bondeni. Simwoni, bila shaka. Naona paa tu. Nasimama pale kwa muda ambao mtu angehitaji kuletewa kahawa na kuinywa. Siku za ukungu nawasha vilevile, kwani ukungu unaweza kupasuka wakati wowote.

Jioni Maryvonne alipiga simu. "Ameuona leo. Amekunywa nusu kikombe." Kesho yake: "Ameuona. Amesema unapoteza kuni." Jumapili Anselme alifika anatoka jasho, akaweka mkate mezani, akanywa glasi moja ya gongo ya plamu ya marehemu mume wangu, akaniletea habari zilezile kwa mdomo wake. "Mama, yule mzee amewaambia wauguzi wewe ni redio yake." Niliishi kwa maneno hayo wiki nzima. Nilikuwa peke yangu zaidi kuliko wakati wowote wa maisha yangu, hakuna honi, hakuna gari la posta, hakuna dirisha la pili. Na kila asubuhi kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa akinisubiri niamke.

Katikati ya Januari ilipiga dhoruba ya siku tatu. Mti ulianguka juu ya waya na simu ikafa. Ya mkononi huku juu haishiki, haijawahi kushika. Siku ya nne mbingu ilifunguka, baridi kali, hewa imetulia, na moshi wangu ulipanda wima kabisa, moshi mzuri kuliko wote niliowahi kuutoa. Nilitoka uani. Nilifikiri, leo hata bila darubini anauona.

Ndipo nikaona mtu kwenye mteremko. Alikuwa bado mbali, chini ya zizi la zamani la akina Bouveret, waliokuwa majirani zetu, mdogo na mweusi kwenye weupe wote ule, lakini mabega yale hayana ndugu. Alikuwa anapanda polepole. Hakuwa na mfuko wa mkate mgongoni. Mara moja alisimama, akainua kichwa kutazama moshi wangu, kisha akainama akaendelea.

Ilikuwa Jumatano. Anselme huja Jumapili.

Nilijua. Hakuna mtu anayekata theluji ya kiunoni siku ya Jumatano kuja kumwambia mwanamke kwamba jirani yake amekunywa kahawa. Alikuwa amebakiwa na kama nusu saa ya kupanda, labda zaidi, maana kuanzia pale zizini mteremko unakuwa mkali.

Niliingia ndani. Nilifungua jiko, nikaweka gogo, na juu yake nikaweka matawi mabichi yote yaliyokuwa yamebaki, mpaka dohani ikavuma. Anselme alikuwa bado njiani. Mpaka afike mlangoni na kuvua kofia yake, kwangu mimi Léonce alikuwa bado yuko dirishani, na alikuwa anautazama moshi wangu.